Diski za breki: Kabla ya kulipia zenye matundu, jua gari la familia linahitaji nini

Wazazi wengi wenye gari wanajua bei ya petroli ya wiki hii bila kuuliza. Wanajua tairi lipi limeanza kuisha na betri ilinunuliwa mwaka gani. Lakini waulize diski za breki za gari hilo zimebaki na unene gani, au zilibadilishwa lini mara ya mwisho, na jibu la wengi litakuwa moja: "Fundi ndiye anajua."

Fundi anajua, ni kweli. Ila siku ya kununua, anayetoa pesa ni wewe, na atakayekaa kiti cha nyuma ni mwanao. Siku hizi uamuzi wenyewe umekuwa mgumu zaidi. Kwenye maduka ya spea kuna diski za kawaida, kuna zilizotobolewa matundu usoni, kuna zilizochongwa mifereji, kuna zilizopakwa rangi ya fedha au nyeusi, na kuna za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Muuzaji mmoja anakwambia zenye matundu ni za spoti, zinasimamisha gari papo hapo. Jirani yake anakuuzia za kawaida kwa bei ya chini sana. Nyumbani mwenzako anauliza kama tofauti hiyo ya pesa isingetosha kununua sare za shule za Januari.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halihitaji uwe fundi. Linahitaji ujue diski inafanya kazi gani, inaharibikaje, na ni wapi pesa ya ziada inaleta usalama na ni wapi inaleta urembo tu.

Kazi ya breki ni kupokea joto

Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma kifaa kiitwacho kalipa, nacho hubana pedi mbili juu ya diski inayozunguka pamoja na tairi. Msuguano huo hupunguza mwendo. Lakini nguvu ya mwendo haipotei. Inageuka kuwa joto, na joto hilo sehemu kubwa huingia kwenye diski.

Chukua Noah yenye abiria saba na mizigo, uzito wote tuseme kilo 2,000, ikikimbia kilomita 80 kwa saa. Kuisimamisha mara moja tu kunazalisha joto la kutosha kuchemsha maji ya lita moja na nusu, yaani birika la chai ya familia. Ukiongeza mwendo kutoka 80 hadi 100, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Na ukizidisha mwendo mara mbili, kutoka 50 hadi 100, joto huwa mara nne. Ndiyo maana dereva anayekwenda kasi huchakaza breki upesi kuliko anavyodhani.

Sasa fikiria mteremko. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 ndani ya safari isiyofika kilomita 40. Noah hiyo hiyo ikishuka huko inakuwa na joto la kuondoa linaloweza kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20. Ni sawa na kusimama ghafla kutoka kilomita 80 karibu mara 40 mfululizo. Upepo na injini hubeba sehemu ya mzigo huo, hasa ukitumia gia ndogo. Dereva anayeondoa gia na kuacha gari liteleze "kuokoa mafuta" anautupa karibu mzigo wote kwenye diski na pedi.

Breki zikizidiwa na joto, pedi hupoteza mng'ato. Unakanyaga kwa nguvu, pedeli ni ngumu, lakini gari linaendelea kwenda. Na mafuta ya breki yakichemka, pedeli huzama hadi chini kama unakanyaga sifongo. Wanaopita Kitonga mkoani Iringa wameona mabaki ya malori pembeni ya barabara. Gari dogo ni jepesi zaidi, lakini kanuni ya joto ni ile ile.

Kwa hiyo diski bora ina sifa mbili kuu: ina chuma cha kutosha kupokea joto hilo, na ina njia ya kulitoa nje haraka. Mengine yote yanafuata hapo.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona mwenyewe

Huna haja ya kufungua tairi kila wiki. Kuna mambo unayoweza kuyahisi ukiwa kwenye usukani.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki kutoka mwendo mkubwa, diski za mbele zina kasoro. Wengi husema diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda kama sahani. Unene wake umeacha kuwa sawa kila sehemu, au pedi zimeacha mabaka juu yake. Tofauti ndogo kuliko unene wa unywele inatosha kutikisa usukani.

Mlio mkali na mwembamba mara nyingi hutoka kwenye kibati kidogo cha tahadhari kilichowekwa kwenye pedi ili kikwaruze diski pedi inapokaribia kuisha. Huo ni mlio wa kukupeleka gereji wiki hiyo. Mkwaruzo mzito kama chuma kusaga chuma ni jambo jingine: pedi imekwisha kabisa, na bati lake linachonga diski. Hapo gari halipaswi kwenda shule kesho asubuhi.

Angalia pia kwa macho kupitia matundu ya rimu. Diski nzima ina uso laini unaong'aa. Ukiona mifereji mirefu inayokamata ukucha, ukingo wa nje ulioinuka kama mdomo wa sufuria, madoa ya bluu yaliyoungua, au nyufa, mwite fundi. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa diski hauzibwi. Diski yenye ufa hubadilishwa.

Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wasishtuke wakiona kutu nyepesi ya rangi ya chungwa asubuhi baada ya mvua au baada ya gari kulala siku mbili. Kutu hiyo hufutika ukifunga breki mara chache. Kutu ya kuogopa ni ile nene inayobanduka kama magamba kwenye ukingo au ndani ya matundu ya hewa ya diski.

Aina za diski na nani anazihitaji

Diski nyingi hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni chuma kizito, kinachopokea joto vizuri na kisicho ghali. Tofauti ziko kwenye umbo na ubora.

*Diski bapa isiyo na njia ya hewa.* Ni kipande kimoja cha chuma. Hutumika zaidi nyuma, kwa sababu breki za nyuma hufanya kazi ndogo. Gari likifunga breki uzito huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Magari mengi madogo kama IST na Vitz hayana diski nyuma kabisa. Yana ngoma.

*Diski yenye njia za hewa katikati.* Hizi ni kama sahani mbili zilizoshikanishwa na mabawa madogo ndani yake. Tairi likizunguka, hewa huvutwa katikati na kutolewa pembeni, ikibeba joto. Ndizo zilizo mbele kwenye magari mengi ya familia tunayoagiza kutoka Japani. Kama gari lako lilikuja na hizi, usikubali kufungiwa bapa kwa sababu "zinaingia tu".

*Diski zenye kaboni nyingi zaidi.* Kwa macho zinafanana na za kawaida. Tofauti iko kwenye mchanganyiko wa chuma: zinasambaza joto vizuri zaidi, zinapunguza mtetemo na kelele, na hazipasuki kirahisi. Kwa familia inayoishi milimani au inayosafiri mara nyingi na mzigo, hapa ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi, ingawa jirani hataiona.

*Diski zilizopakwa kinga ya kutu.* Kinga hiyo hulinda kitovu, ukingo na njia za hewa. Pale pedi zinapogusa hufutika baada ya safari chache, na hilo ni jambo la kawaida. Kwa anayeishi karibu na bahari, ni nyongeza yenye maana.

*Diski za mifereji.* Mifereji iliyochongwa usoni hufagia vumbi na maji na kuweka uso wa pedi safi. Zinafaa kwa matumizi mazito. Gharama yake ni kwamba pedi huisha upesi zaidi na huenda ukasikia mvumo unapofunga breki.

*Diski za matundu usoni.* Hizi ndizo zinazopendeza nyuma ya rimu. Asili yake ni mashindano ya magari, wakati pedi za zamani zilipokuwa zikitoa gesi zikipata moto sana, na matundu yakawa njia ya gesi hiyo kutoka. Pedi za leo hazina tatizo hilo kwa kiwango kile. Kila tundu ni chuma kilichopunguzwa, na chuma ndicho kinachopokea joto. Tena nyufa hupenda kuanzia kwenye kingo za matundu, hasa yakiwa yametobolewa kwa drili baada ya diski kutengenezwa.

Je, zenye matundu zinasimamisha gari mapema zaidi?

Hili ndilo swali linalotenganisha hela na usalama, na jibu lake liko kwenye tairi.

Breki huzuia tairi lisizunguke, lakini kinachoizuia gari ni mshiko kati ya mpira na lami. Gari lako likiwa na breki nzima, ukikanyaga kwa nguvu zako zote kwenye lami kavu, ABS itaanza kugongagonga mguuni, au kwa gari lisilo na ABS tairi zitaganda na kuteleza. Hiyo ina maana breki tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi. Ukifunga diski za bei mara tatu yake, mshiko huo haubadiliki hata kidogo, na kwa mfungo mmoja wa ghafla gari litasimama pale pale.

Faida ya diski za kiwango cha juu huonekana pale breki zinapotumika kwa nguvu mara nyingi bila kupata muda wa kupoa: mteremko mrefu, gari lenye mzigo mkubwa, au uwanja wa mashindano. Baba anayepeleka watoto shule kutoka Mbezi hadi Mikocheni kwenye foleni hafiki huko. Familia inayopanda na kushuka Lushoto, Mbeya au Njombe kila mwezi na gari limejaa, inafika. Hata kwao, diski imara yenye njia nzuri za hewa na kaboni nyingi, pamoja na pedi bora, inashinda diski ya matundu ya bei rahisi.

Na tairi zilizoisha hazina diski ya kuziokoa. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu na tairi ni vipara, nunua tairi.

Dukani: namna ya kutofautisha

Uendapo Kariakoo, Ilala au kwenye duka lolote la spea, nenda na namba ya chesisi ya gari, iliyo kwenye kadi ya gari na kwenye bati chini ya boneti. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na diski za vipimo tofauti kwa sababu ya ukubwa wa injini au mfumo wa kuendesha magurudumu manne. Muuzaji anayesema "IST zote moja" bila kutazama namba anabahatisha.

Beba diski ya zamani kama imeshafunguliwa, ulinganishe kipenyo, urefu wa kitovu, idadi ya matundu ya boliti na unene. Kisha angalia mambo haya:

- Maandishi ya unene wa chini. Diski nyingi zilizotengenezwa kwa viwango huandikwa pembeni au kwenye kitovu "MIN TH" na namba yenye milimita. Hicho ndicho kikomo. Ikifika hapo haifai tena. Diski isiyo na maandishi yoyote, wala jina wala namba ya toleo, iache.
- Alama ya E ndani ya duara yenye namba pembeni yake, kwa mfano E1 ya Ujerumani. Pamoja na namba ya idhini inayotaja R90, inaonyesha spea hiyo ilipimwa chini ya Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa inayohusu pedi na diski za kubadilishia. Spea halisi za kiwandani za Japani zinaweza zisiwe nayo, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakumaanishi feki.
- Njia za hewa. Tazama diski kwa upande. Sahani mbili ziwe na unene sawa, mabawa yawe yamenyooka na mengi kama ya diski ya zamani. Za kuigiza mara nyingi hupunguza chuma hapa, pasipoonekana kwa haraka.
- Uso na uzito. Uso uwe umekerezwa laini pande zote, bila vijishimo vya kumimina chuma vibaya. Ukiishika mkononi ikawa nyepesi waziwazi kuliko ile ya zamani iliyokwisha kulika, kuna chuma kilichoibwa.
- Boksi na risiti. Maandishi yenye makosa ya tahajia, namba ya boksi isiyolingana na ya diski, au muuzaji anayekataa kutoa risiti ni sababu tosha ya kuondoka.

Jina kubwa kwenye boksi si kinga peke yake, kwa kuwa majina makubwa ndiyo yanayoigizwa. Brembo ya Italia, kwa mfano, imekuwa ikitengeneza breki tangu miaka ya 1960 na jina lake linatambulika dunia nzima, na hiyo ndiyo sababu watu huliandika kwenye vitu ambavyo kampuni haijawahi kuviona. Nunua kwa wakala au duka litakalokuwepo mwezi ujao ukirudi na malalamiko. Ukiuziwa bidhaa bandia Tanzania, Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko hayo, na Shirika la Viwango (TBS) hushughulikia bidhaa zisizofikia kiwango. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia na shirika la viwango la KEBS. Risiti ndiyo silaha yako huko kote.

Vipi kuhusu mtumba? Diski ya mtumba imeshatumika kwa kiasi usichokijua. Huenda imebakiza milimita moja kabla ya kikomo, na ndani ya njia zake za hewa kukawa na kutu. Kwa mlango au taa, mtumba ni akili. Kwa diski, ipimwe unene kwanza mbele yako. La sivyo unanunua masalio ya mtu mwingine.

Kuchonga au kununua mpya?

Gereji nyingi hupendekeza diski inayotetemesha usukani ipelekwe kwa mkereza vyuma ichongwe uso upya. Ni njia halali, ikiwa hesabu inakubali.

Tuseme diski mpya ilikuwa na milimita 22 na kikomo chake ni 20. Ikipimwa leo ina 21.4. Ili kuondoa mikwaruzo, fundi atakata milimita 0.3 kila upande, na itabaki 20.8. Bado iko juu ya kikomo, ila imebakiza chini ya nusu ya maisha yake na itapata moto haraka zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa imepimwa 20.5, kuichonga ni kutupa pesa, kwa sababu itatoka mashineni ikiwa tayari imekufa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, omba ipimwe kwa kipimo cha milimita, katika sehemu kadhaa za uso, na uone namba kwa macho yako. Fundi anayepima kwa kidole na kusema "bado nzito" hajapima.

Siku ya kufunga, kaa karibu

Diski nzuri iliyofungwa vibaya itatetemeka ndani ya miezi michache, na lawama itaangukia duka. Mambo yenyewe ni machache na mzazi anaweza kuyatazama akiwa amekaa kwenye benchi la gereji.

Diski hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia kwa ekseli moja. Ukibadilisha moja, gari linaweza kuvuta upande mmoja ukifunga breki. Pedi nazo ziwe mpya, kwa sababu pedi za zamani zimeshachukua umbo la mikwaruzo ya diski ya zamani.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yasafishwe yote kwa dawa ya kusafishia breki, na kitambaa kisiwe kile kilichofutia injini. Kitovu ambacho diski hukaa juu yake kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu yote iishe. Punje moja ya kutu iliyobanwa hapo huifanya diski izunguke ikiyumba, na huo ndio mwanzo wa mtetemo ambao watu husema ni wa diski mbovu. Kalipa iteleze kwa uhuru kwenye pini zake. Ikiganda, pedi itabana muda wote na kuunguza diski mpya.

Mwisho ni nati za tairi. Zikazwe kwa kuruka, umbo la nyota, na kwa nguvu sawa. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni takriban nyutoni-mita 103, na kuna spana maalumu ya kupima hilo. Mashine ya upepo inayokaza hadi nati ilie inaweza kuivuta diski upande.

Uliza pia kuhusu mafuta ya breki. Hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyokwenda, na kila yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kikomo hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko diski yoyote, na kwa anayeshuka milima ni jambo la uhai.

Kilomita za kwanza

Diski na pedi mpya zinahitaji kuzoeana. Tafuta barabara tulivu, nenda hadi kilomita 50 kwa saa, kisha punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa. Rudia mara kumi hadi kumi na tano, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila mara. Ukimaliza, endesha kidogo bila kugusa breki. Usisimame na kushikilia pedeli diski zikiwa moto, kwa kuwa pedi itaacha baka pale iliposhika.

Kwa kilomita 200 hadi 300 za mwanzo, epuka kufunga breki kwa nguvu isipokuwa kwa dharura. Kwa hiyo usibadilishe diski jioni ya kuamkia safari ya kijijini. Fanya hivyo wiki mbili kabla, ili kasoro yoyote ijitokeze ukiwa karibu na gereji.

Ukitoka mteremkoni, usiingie moja kwa moja mahali pa kuoshea magari. Maji baridi kwenye diski iliyoungua moto huweza kuipasua au kuiharibu umbo. Kunywa chai kwanza, gari lipoe.

Bajeti ikiwa finyu, anza wapi?

Kwa familia nyingi pesa haitoshi kila kitu mara moja. Mpangilio wa busara ni huu: tairi zenye mshiko kwanza. Kisha mafuta ya breki na pedi bora. Kisha diski za kawaida zenye viwango, zenye njia za hewa kama zilizotoka kiwandani. Ukiwa unaishi pwani, ongeza kinga ya kutu. Ukiwa mtu wa milima na mizigo, ongeza kaboni nyingi. Matundu na mifereji vije mwisho kabisa, kama vitakuja.

Ukiweka hivyo mezani, ubishi wa nyumbani hupungua. Anayetaka usalama na anayelinda bajeti wanagundua kwamba kwa sehemu kubwa wanataka kitu kimoja, na kwamba sare za Januari zinaweza kununuliwa.

Usisahau gari usiloendesha wewe

Watoto wengi hutumia muda zaidi kwenye gari la shule kuliko kwenye gari la nyumbani. Gari hilo husimama na kuondoka makumi ya mara kwa siku, likiwa limejaa. Breki zake zinachakaa upesi kuliko zako.

Mzazi ana haki ya kuuliza kwenye kikao cha wazazi: diski na pedi za gari hili zilikaguliwa lini, nani alikagua, na rekodi iko wapi? Uliza kwa heshima, na uliza mbele ya wenzako. Shule iliyo makini itakuwa na daftari la matengenezo na haitaona vibaya kulionyesha. Na ukiwa umesimama getini asubuhi, sikiliza. Gari likisimama kwa mkwaruzo wa chuma kusaga chuma, sasa unajua maana yake, na unajua kwamba halipaswi kuondoka na watoto.